Subsurface na daftari la penseli: ninapoandikia mbizi zangu Nungwi

Jibu kwanza, kwa wasio na muda. Kwa mtu anayezamia kwa kazi, Subsurface ndiyo programu bora ya kuwekea kumbukumbu za mbizi kati ya zote nilizozijaribu, ni ya bure kabisa, na naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu moja: inajua kila kitu kuhusu mtungi wa hewa na haijui lolote kuhusu mwezi. Na sisi wa huku kaskazini ya Unguja hatutii mguu baharini bila ya kujua leo mwezi ngapi, yaani siku ngapi tangu uandame.

Mie ni divemasta. Kazi yangu kuwatembeza wageni chini ya maji, zaidi Mnemba, mara nyingine Hunga, na siku bahari ikiridhia, Leven Bank. Wageni wengi wanaandika logibuku, kitabu cha kumbukumbu za mbizi, kwa ajili ya ukumbusho. Wakishuka botini wanakaa barazani, wananiuliza yule samaki mwenye madoa anaitwaje, halafu wanasukuma vitabu vyao vigongwe muhuri. Muhuri ukiwa na picha ya kasa ndiyo raha yao. Sina neno na hilo, nagonga na kutia saini huku nacheka. Lakini anayeingia majini kila kukicha ana haja nyingine na kumbukumbu hizo, na hii tathmini nawaandikia hao, khasa vijana wetu wa maboti.

Maana kuna jambo linaniuma. PADI, shirika la kutoa vyeti vya uzamiaji, wanataka uwe na mbizi 40 zilizoandikwa ndipo uanze kozi ya divemasta, uwe umefika 60 ndipo upewe cheti, na 100 ndipo ukae mbele ya mtahini wa ualimu. Vijana wetu wanapakia mitungi tangu alfajiri, wanaingia majini kumsaidia kiongozi, wanashika kamba, wanamfuata mgeni anayebaki nyuma. Hizo zote ni mbizi. Hawaandiki hata moja. Siku ya kujiandikisha, mkufunzi anauliza logibuku, kijana anajibu, "Nimezamia sana kaka, muulize nahodha." Nahodha atathibitisha, lakini nahodha si karatasi. Mgeni aliyekuja na karatasi zake anaanza kozi Jumatatu, na kijana aliyempakilia mitungi anaambiwa asubiri.

Sasa programu yenyewe. Subsurface iliandikwa mwaka 2011 na Linus Torvalds, yule yule aliyeanzisha mfumo wa kompyuta wa Linux, ambaye naye ni mzamiaji na inaonekana hakuridhika na programu alizozikuta sokoni. Mwaka uliofuata usimamizi ukaenda kwa Dirk Hohndel, na tangu hapo imekuwa ikiendelezwa na watu wa kujitolea. Inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na ipo ya simu pia. Laptopu yangu ni ya mkono wa pili na inahema ikifunguliwa kurasa tatu za intaneti, lakini hii inaibeba bila taabu.

Kazi yake kubwa ni kunyonya taarifa kutoka kompyuta ya kuzamia, ile unayoivaa mkononi. Inazifahamu aina nyingi mno. Za bei nafuu zinazoonekana sana kwenye maboti yetu, kama Cressi Leonardo na Mares Puck, zinahitaji waya wake, na waya unauzwa mbali. Hapo jiandae kutoa pesa, au changeni watu kadhaa wenye aina moja mnunue mmoja. Zile za gharama, kama Shearwater, zinatuma kwa Bluetooth. Usingoje sana kuchomeka: kumbukumbu ya kompyuta ya mkononi ina kikomo, na ikijaa inafuta za zamani bila ya kukuaga.

Ukishachomeka unaona mchoro wa mbizi nzima: umeshuka vipi, umekaa kina gani, umepanda vipi. Mstari una rangi kufuatana na kasi. Ukitulia ni kijani, ukipanda kwa pupa unaelekea wekundu. Hiki kipengele peke yake kimenisaidia kuliko maneno yangu yote. Kuna wageni ambao ukiwaambia walipanda haraka wanakubishia kwa heshima. Namwonyesha mchoro wa kompyuta yake mwenyewe: hapa mita 12, hapa mita 6, na katikati mstari mwekundu kama pilipili. Kesho yake anapanda taratibu na dakika zake tatu za kusimama mita 5 kwa usalama anazikaa bila kunyooshewa vidole.

Kuna hesabu ya hewa pia, na hapa inabidi niende polepole kwa sababu watu wengi wanaiweka programu halafu wanasoma namba ya uongo. Subsurface inakupa lita unazovuta kwa dakika, zikirudishwa kwenye kiwango cha juu ya maji. Chukua mbizi ya kawaida ya Mnemba: umeingia na baa 200 za shinikizo la hewa mtungini, umetoka na 60, dakika 48, wastani wa kina mita 14. Umetumia baa 140. Kwenye mtungi wa lita 12 hiyo ni lita 1,680. Gawa kwa dakika 48 unapata 35 kwa dakika, na kwa kuwa mita 14 shinikizo ni mara 2.4 ya juu ya maji, gawa tena kwa 2.4: karibu lita 14.6. Sasa, mitungi mingi ya alumini tunayotumia ni ile inayoitwa 80, nayo ujazo wake ni lita 11.1, si 12. Hesabu ile ile inashuka hadi kama 13.5. Lita moja na ushee kwa dakika ni tofauti kubwa unapopanga nani azamie na nani. Kwa hiyo kabla hujaingiza mbizi hata moja, nenda kwenye vifaa, chagua mtungi sahihi, uufanye ndio wa kawaida. Nyuma ya hapo inajaza yenyewe.

Kipengele cha risasi za mkanda, zile za uzito wa kukuzamisha, nacho kinafaa. Mwezi wa Agosti maji yetu yanashuka hadi kama nyuzi 25, wageni wanavaa suti nene ya milimita 5, na mwenye suti nene anaelea zaidi. Machi maji yanakaribia 30, suti ya milimita 3 inatosha, risasi zinapungua. Ninaandika kilo za mgeni, unene wa suti na aina ya mtungi. Mgeni akirudi mwaka wa pili, nikamwambia kabla hajafungua mdomo kwamba mara ya mwisho alibeba kilo 6 na ilikuwa nyingi, ananitazama kama mganga. Bakshishi ya siku hiyo huwa si ya kawaida.

Picha nazo unaziburuta tu, zinajipanga kwenye mchoro kwa saa zilipopigwa, ukajua yule mkunga ulimkuta mita ngapi. Sharti saa ya kamera ilingane na ya kompyuta. Ikipishana, kuna mahali pa kusogeza. Hata saa za mbizi zenyewe zinasogezwa kwa mkupuo, jambo la maana kwa wageni wanaofika na kompyuta zao bado ziko kwenye saa za Ulaya. Halafu mgeni anayetaka kujua lini apande ndege unamwonyesha saa aliyotoka majini mara ya mwisho na kumhesabia saa 18 kutoka hapo, kama ushauri unavyotaka kwa aliyezamia zaidi ya mara moja.

Hifadhi ya mtandaoni ipo, ni barua pepe na nywila tu. Intaneti ikikatika, kama inavyokatika kwetu mvua ikipiga, unaendelea kuandika na itajipeleka yenyewe baadaye. Na mbizi zako unaweza kuzitoa zote wakati wowote katika faili linalosomwa na programu nyingine. Hili nalisisitiza kwa sababu niliwahi kutumia app moja ya simu, jina lake nalihifadhi, nzuri kwa sura, rangi za bahari na samaki wanaoogelea skrini ikifunguka. Nilipobadilisha simu, namba zilirudi na maelezo yote niliyoyaandika yakawa hayapo. Nikawaandikia, wakanijibu kwamba wanathamini maoni yangu.

Sasa tuje kwenye ile nyota niliyoizuia.

Uoni wa maji kwenye Subsurface unaandikwa kwa nyota, sifuri mpaka tano. Nyota tatu ni mita ngapi? Kwa mtu wa Bahari ya Shamu nyota tatu ni kitu kimoja, kwa aliyejifunzia ziwani Ujerumani ni kitu kingine kabisa. Mie nataka mita: leo 25, jana 12. Inabidi niiandike kwenye maelezo, na kilichomo kwenye maelezo huwezi kukichorea takwimu. Matoleo ya karibuni yameongeza nyota za mkondo na za mawimbi. Ahsanteni, lakini mkondo una nguvu na una uelekeo. Nyota nne za mkondo haziniambii kama unakwenda kusini au kaskazini, wala kama ulianza na nguvu ukalegea, au ulianza baridi ukatugeukia katikati. Kwenye mwamba wa Kichwani pale Mnemba, ukuta ule ule, pa kuangukia majini panategemea hilo tu. Mkondo ukikuchukua vizuri, unakaa umekunja mikono na mwamba unapita mbele yako. Ukiukosea, unapiga mapezi mbizi nzima, mgeni anamaliza hewa dakika ya 28 na mashavu yamemvimba.

Na mkondo mama yake ni mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunakuwa na bamvua. Baina ya kujaa na kupwa maji yanapishana karibu mita 4. Siku za maji mafu haifiki nusu ya hapo. Kwa hiyo mbizi mbili za Kichwani, saa ile ile, kina kile kile, joto lile lile, kwenye Subsurface zinalingana kama pacha, na kumbe moja ilikuwa matembezi na nyingine ilikuwa vita. Nahodha wetu, mzee aliyekulia kwenye mashua za mishipi, kila asubuhi nikishampa shikamoo ananiuliza swali moja, "Mwezi ngapi leo, mwanangu?" Hajawahi kuniuliza utabiri wa simu. Nikimwambia kumi na sita, anatazama maji kidogo, anasema tuondoke mapema au tungoje, na mara nyingi kabisa anapatia.

Dawa niliyoipata ni alama za kubandika, zile unazozibuni mwenyewe. Kila mbizi naibandika: bamvua au maji mafu, yanajaa au yanatoka, kaskazi au kusi. Halafu kichujio cha Subsurface, ambacho kwa kweli ni kizuri, nakiambia nipe Kichwani, bamvua, yanatoka. Zinakuja zote kwa mstari na maelezo yake, na unaona yanavyofanana: mafupi, ya haraka, "tumepitiliza", "wageni wawili wameachana na kundi". Nabadilisha niweke maji mafu, maelezo yanarefuka, majina ya samaki yanaongezeka, mpaka makoa yametajwa. Sasa ninapompokea mgeni wa mbizi ya tano au ya sita, najua siku gani nimpeleke Kichwani na siku gani nimuweke Wattabomi akatazame kasa kwa raha zake. Leven Bank huko ndiko usiseme. Kule kwenye samaki kama mizia na kolekole nampeleka aliyekomaa, na naangalia mwezi kabla sijaangalia cheti chake.

Wangeweka sehemu ya mwezi na ya uelekeo wa mkondo, ningewapa nyota tano na sadaka juu.

Daftari sasa. Laptopu haipandi boti, na simu yenye mikono ya chumvi unajua mwisho wake. Ninachoandika nakiandika juu ya maji, wakati wa mapumziko baina ya mbizi ya kwanza na ya pili, wageni wakila nanasi na chapati, kabla sijasahau. Natumia Rite in the Rain, lile la jalada la manjano. Kampuni hiyo ya Tacoma, Marekani, ilianza mwaka 1916 ikiwatengenezea karatasi wakata magogo wanaofanya kazi mvuani, na karatasi yake kweli inamwaga maji. Ikirushiwa wimbi unaikung'uta unaendelea. Tumia penseli tu. Kalamu ya wino wa majimaji itateleza, au itashika halafu ikaosheka yote kwa pamoja. Hasara zake mbili: ni ghali ukilinganisha na daftari la dukani, na huku kwetu huipati mpaka umuagizie mtu anayekuja. Mie nilipewa na mgeni, na tangu hapo kila mgeni wa kudumu akiniuliza aniletee zawadi gani najua la kumjibu. Niliwahi kuuziwa daftari jingine mjini lililoandikwa kwa herufi kubwa kuwa haliingii maji. Lilistahimili safari ya kwenda. Wakati wa kurudi kurasa zilikuwa zimeshikana, ukilifungua linachanika.

Ukurasa wangu mmoja, nakunakilia ulivyo:

"Kichwani. Mwezi 16, bamvua, yanatoka. Saa tatu kasorobo. Mkondo kwenda kaskazini, mkali kuanzia kona ya pili. M 18, dk 41. Uoni 20. Chewa mkubwa pale pale chini ya rafu. Mgeni wa suti nyeusi kilo 6, apunguze 1. Jaketi namba 9 linavuja begani. Mtungi wa mkanda mwekundu umeingia na 180, mwambie wa kompresa."

Hayo mawili ya mwisho hakuna programu itakayokuuliza. Ndiyo yanayomfanya mwenye kituo akuone una akili, na ndiyo yanayomzuia mgeni wa kesho kuvishwa jaketi namba 9. Jioni nikifika nyumbani nahamishia kwenye Subsurface, saa tatu kasorobo inageuka 8:45, na daftari linawekwa juani likauke.

Kuhusu logibuku zilizochapishwa na mashirika, zile za kava gumu na matundu matatu, kwa mwanafunzi wa kozi ya kwanza ni nzuri. Zina nafasi ya saini, na wakufunzi wengi bado wanapenda kuona saini ya mwenzako au ya mwalimu wako. Kwa mtu wa kazi zinajaa haraka, kurasa za ziada ni za kuagiza, na nusu ya kila ukurasa imechukuliwa na picha ya mzamiaji ambaye unatakiwa umchoree vifaa. App ya SSI, shirika jingine la vyeti vya uzamiaji, ina jambo moja la maana: unaskani msimbo wa QR wa mwenzako, mbizi inaingia kwenu nyote wawili na uthibitisho wake. Ukiwa umesomea SSI itumie kwa ajili ya huo uthibitisho. Kwa kuandika kwa kirefu imebana.

Toleo la simu la Subsurface naliweka kwa ajili ya kumwonyesha mgeni mchoro pale pale pwani, na kama kompyuta yako ni ya Bluetooth, unanyonyea hapo hapo. Kazi nzito, kama kuchuja, kuunganisha mbizi iliyokatika vipande viwili kwa sababu mgeni alichomoza juu dakika moja, au kupanga namba upya, fanya kwenye kompyuta kubwa. Mwanzoni itakuchanganya. Dirisha limegawika sehemu nne na kila sehemu ina vitufe vyake, na aliyezoea app za simu atahisi ameingia chumba cha rubani. Lugha yake mie natumia Kiingereza, lakini alama, maelezo na majina ya miamba nimeyaandika yote kwa Kiswahili na haijawahi kulalamika.

Kwa kijana wa boti ambaye hana kompyuta ya kuzamia wala laptopu, usingoje vyote vitimie. Nunua daftari lolote, lifunge kwenye mfuko wa plastiki wa mkate, tafuta penseli. Andika tarehe, mwamba, kina alichokiona kiongozi kwenye kompyuta yake, dakika, baa za kuingia na kutoka, na mwezi. Mpe kiongozi atie saini siku hiyo hiyo botini, si baada ya wiki, kwa sababu viongozi wa msimu wanaondoka masika yakiingia na huwapati tena. Siku utakayopata laptopu, Subsurface inakubali mbizi za kuandikwa kwa mkono bila kompyuta yoyote: bonyeza kuongeza mbizi, jaza kina na muda, itakuchorea mchoro wa kukisia. Namba ya kuanzia unaichagua mwenyewe. Anza na ile ambayo saini yake unayo.